Shamba la Bwana wa Sinza

Tulimzika Bi Pili Jumamosi, Kiwalani, kwenye ule msongamano wa nyumba ambako ndege zinapita chini kiasi kwamba hata anayesoma dua inabidi anyamaze kidogo asubiri. Nasema tulimzika, ingawa wanaume ndio walioondoka na jeneza, sisi wanawake tukabaki tumebanana mkekani uani. Binti yake Zena ndiye aliyenipigia simu. Nilipofika alinifunga ushungi kwa mikono yake, maana mie Mkristo wa bara mpaka leo khanga ya kichwani hunishinda, akawaambia wenzake, "Huyu ndiye yule dada wa panya." Wote wakageuka. Mama mmoja mnene akauliza, "Panya gani tena?" Nikafungua mdomo. Mie si mtu wa kukosa maneno, waulizeni wanafunzi ninaowafundisha takwimu, wananiita Redio. Siku ile yaligoma. Ningemwambia nini? Kwamba marehemu alikuja kumalizia maisha yake kwenye chumba kimoja kwa binti yake kwa sababu ya panya, na alama moja ya hesabu iliyogeuka, na neno ambalo kila mtu wa Dar analitumia kutwa bila kulifikiria? Nikajibu tu, "Panya wa Kigamboni," nikanywa uji niliopewa, na hasira za mwaka ule zikanipanda palepale mkekani kama za jana.

Mwaka ule daraja halikuwepo. Ukitaka kwenda Kigamboni ulivuka kwa pantoni, na kule ndani nyuma ya Kibada ilikuwa mihogo, minazi na vichaka, nyumba moja hapa, nyingine kule. Nilikuwa nasoma shahada ya pili, nina miaka ishirini na nne, na nina kiburi cha mtu ambaye hisabati haijawahi kumpiga chenga. Msimamizi wangu, Dokta Kisinda, alikuwa na utafiti wake: wanyama wadogo wa mashambani, yaani panya shamba, buku, sange na wenzao, wanachagua kukaa wapi? Tulipelekwa wawili, mie na mwanafunzi mwenzangu Gervas, kijana mrefu mpole kutoka bara kama mie. Gervas alilala kwa mwenyekiti wa mtaa. Mie nikapangishwa chumba kwa Bi Pili.

Chumba chenyewe bado nakiona. Kitanda cha kamba, dirisha la wavu, sakafu ya udongo iliyopigwa ikang'aa, na ukuta mzima umepangwa mitego yetu ya bati, ile ya kumnasa mnyama mzima mzima, umpime, umtie alama, umwachie. Chambo tulichanganya wenyewe, siagi ya karanga na unga wa dona na dagaa wa kusagwa, kwa hiyo chumba kilinukia kama jikoni kwa mtu mwenye uwezo. Bi Pili alikuwa anasimama mlangoni, mikono kiunoni, ananusa. "Panya wenu wanakula vizuri kuliko mie," anasema, halafu anachovya kidole, anaonja, anaondoka akitingisha kichwa. Alikuwa mjane, mweusi tii, mfupi, mwenye ulimi wa kuchanja. Nyumba ile ya udongo ilikuwa ukingoni mwa eneo kubwa ambalo kaka yake aliliuza zamani kwa bwana mmoja wa Sinza. Yule bwana alimwambia, wewe mama kaa tu hapo, lima hapo mbele, nitunzie shamba langu. Akaondoka. Tangu hapo Bi Pili alilima mihogo kipande cha mbele, akala kisamvu chake, na bwana wa Sinza akabaki namba ya simu tu.

Siku za mwanzo tulicheka sana. Kuna kale kamnyama kenye pua ndefu, kanafanana na panya lakini si panya, kwa Kiswahili kanaitwa kirukanjia. Sasa pwani neno hilohilo ni la mwanamke asiyetulia kwake. Gervas hakulijua hilo. Akamwuliza Bi Pili kwa adabu zote, "Samahani mama, virukanjia hapa kwenu wapo?" Bi Pili akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Wapo tele, baba. Subiri jua lizame, watapita hapohapo njiani wamejipaka poda." Gervas akashukuru, akauliza kama wanatembea mmoja mmoja au kwa makundi. Toba! Bi Pili alicheka mpaka akakaa chini, khanga ikamvuka. Tangu siku hiyo kila akimwona Gervas anamwuliza, "Umewapata?"

Kazi yenyewe niieleze kidogo, nanyi mnivumilie. Ukimkuta kuku amesimama kwenye mchanga usiseme anapenda mchanga. Huenda uwanja wote ni mchanga, angesimama wapi tena? Lakini kama kuna kipande kidogo tu cha majani na kuku wote wamejazana hapo, hapo wamechagua. Basi sisi tulikuwa tunalinganisha sehemu walikonaswa panya na sehemu zote zilizokuwepo, tunaipa kompyuta, modeli inatoa namba kwa kila aina ya mahali. Namba ikiwa na alama ya kujumlisha, wanapapenda. Ikiwa na alama ya kutoa, wanapakwepa. Na Dokta alikuwa na sharti lake moja, alilisema akiwa amenyoosha kidole: "Msijitungie majina ya vitabuni. Kila mtego mnapouweka, mwulizeni mwenyeji hapa panaitwaje, muandike vilevile." Sharti zuri tu. Hata leo nawafundisha watu hivyo. Tukauliza, tukajibiwa: hapa shamba, pale pori, kule bustani, huku bondeni. Tukaandika.

Mambo yalianza kuchacha baada ya mvua za vuli. Panya wakazidi. Wakaingia majumbani, wakatoboa magunia, wakakata nyavu za mbu. Asubuhi moja Mama Asha, jirani yetu wa ua kwa ua, alikuja amembeba mtoto wake wa mwisho, kisigino kimetafunwa akiwa usingizini, damu imegandia kwenye shuka. Mtoto hakulia hata. Ni mama yake aliyelia. Mtu mmoja akataja tauni, basi yakatosha. Watu wakaanza kututazama mie na Gervas kwa jicho lingine, nyie mnawashika halafu mnawaachia? Mzee mmoja akanitemea mate karibu na viatu. Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Bakari, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa anatafuta jambo la kutenda watu walione. Akampigia Dokta simu: utafiti wako unasemaje, panya wako wapi? Na modeli ilikuwa imeshasema, nilikuwa nimeiendesha mwenyewe kwenye kile chumba. Neno "shamba" lilikuwa na alama ya kujumlisha, kubwa. Neno "pori" lilikuwa halina kitu. Dokta akamjibu kilichokuwepo: wako mashambani.

Kesho yake pikipiki ikapita na kipaza sauti. Mkutano Jumapili, kila kaya ihudhurie. Mihogo yote iliyo karibu na nyumba ing'olewe kabla ya masika, panya wasipate pa kujificha. Asiyeng'oa atang'olewa na mgambo. Jamani, mihogo yenyewe ilikuwa bado vidole! Kina mama wote wa upande ule walikuwa wanategemea mihogo ile kwa kula na kwa kuuza Mbagala. Usiku wa siku hiyo Bi Pili hakunitania. Alitenga ugali na kisamvu cha nazi, tukala, akalamba kidole, akasema, "Basi ndiyo cha mwisho hicho," akaenda kulala bila kuosha vyombo, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Alhamisi mchana nilikuwa chumbani, kompyuta mapajani, najaribu kuandika sura ya matokeo. Nje Bi Pili na Mama Asha walikuwa wanatwanga kisamvu kinu kimoja, kwa zamu, na kwa kuwa dirisha lilikuwa wavu mtupu niliwasikia kama wako humu ndani. Walikuwa wanalaani mkutano. Halafu Mama Asha akasema, "Na lile shamba la bwana wa Sinza, shoga, siku hizi hata jua haliingii. Jana mbuzi wangu kapotelea mle, nimemtoa kwa panga." Bi Pili akajibu, "Na la yule mama wa Mikocheni je? Lile shamba lina mpaka kenge." Wakaendelea na mengine. Mie mikono ilibaki juu ya kompyuta. Nikatoka nje bila viatu.

"Bi Pili, kwenye shamba la bwana wa Sinza, huko nyuma, kuna nini?"

"Kuna nini? Kuna shamba."

"Amepanda nini?"

"Apande nini? Mtu wa Sinza huyo."

"Sasa kama halimi, mbona mnaita shamba?"

Wakatazamana, kama nimewauliza kwa nini maji ni maji. "Si kalinunua?" akasema Mama Asha.

Kumbe! Na mie mwenyewe nimeishi Dar, nimewasikia watu maofisini kila siku, nina shamba Kibaha, nina shamba Chanika, na wengine hawajalitia mguu tangu walipolipia. Shamba kwa mtu wa Dar ni ardhi yenye mwenyewe. Pori ni ile isiyo na mwenyewe, na upande ule ilikuwa imebaki kidogo sana. Kilichoota juu yake hakihusiki! Kwa hiyo vichaka vyote vya wenye nacho wa mjini, misitu mizima yenye mashimo ya buku na njia za panya kama barabara, sisi tumeviandika "shamba," tukavichanganya kapu moja na mihogo ya Mama Asha iliyopaliliwa ikasafishika. Nilimwita Gervas, tukazunguka mitego yote upya siku ile na kesho yake, safari hii hatumwulizi mtu, tunatazama kwa macho tu. Gervas alikuwa anahema kwa mdomo. Ijumaa jioni niliigawa ile "shamba" mara mbili, yaliyolimwa mbali, yaliyoachwa mbali, nikaiendesha modeli tena. Yaliyolimwa, alama ya kutoa. Panya walikuwa wanaikwepa mihogo! Walikuwa wanatoka vichakani kuja majumbani, na mihogo wanapita tu. Kumbe mtaa mzima ulikuwa unakwenda kung'oa chakula chake bure.

Nikampigia Dokta. Alinisikiliza mpaka mwisho, na alikuwa mtu wa haki, sitamsingizia. Halafu akasema, "Edina, una hakika?" Nikasema ninayo. "Vizuri. Tutarekebisha kwenye ripoti." Nikamwambia ripoti ni mwezi ujao na mkutano ni keshokutwa. Akasema mkutano ni wa mwenyekiti, si wetu, na kibali cha kufanya kazi pale ametoa mwenyekiti huyohuyo. "Ukisimama pale utakuwa unaongea kwa jina lako, si la chuo. Umenielewa?" Nikamwambia nimekuelewa. Nikakata simu nikaitupa kitandani. Nilikuwa nimekwisha kuamua kusema, tena kwa kelele.

Jumamosi asubuhi nikamfuata Bi Pili jikoni kumpa habari njema. Ndivyo nilivyodhani, habari njema. Alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, miguu ameinyoosha. Nikamweleza yote, nimefurahi kama mtoto: mihogo haina kosa, vichaka ndivyo vyenye kosa, kesho nitasema, wenye mashamba walioko mjini wataitwa waje wayafyeke. Aliendelea kukuna. Ile sauti ya mbuzi, kwaruu, kwaruu, haikukatika. Halafu akasema pole pole, "Akiitwa bwana wa Sinza, akija, atakuta nini?"

"Atakuta kichaka."

"Na mbele ya kichaka?"

Hapo ndipo nilipoona. Mbele ya kichaka kulikuwa na mihogo yake, na jiko lile, na kitanda changu cha kamba, na yeye mwenyewe. Viwanja vilikuwa vinapanda bei kila mwezi. Yule bwana alikuwa amemsahau, na usalama wote wa Bi Pili ulikuwa kwenye kusahauliwa kule. Mihogo iking'olewa atalia msimu mmoja, atapanda tena. Mwenye eneo akikumbushwa, hana pa kwenda. Nikakaa chini kwenye majivu. Nikamwambia, "Basi sisemi. Wallahi Bi Pili sisemi, naondoka leo leo na kompyuta yangu."

Alinigeukia na kifuu mkononi, na macho yale sijayasahau. "Hee! Unaapa kwa Mungu wa nani, wewe? Mama Asha ana watoto watano. Ang'oe mihogo yake, halafu panya warudi kumalizia kisigino cha pili, ili mie nilale hapa? Nitamtazama na uso gani huyo mwenzangu kinuni?" Akarudi kukuna. Machozi yalikuwa yanamtoka, anayafuta kwa bega. "Na ninaogopa, mwanangu. Usidhani siogopi. Ninaogopa sana. Ila utasema." Nikalia mie. Yeye akaniambia nisilie juu ya nazi, itachacha.

Jumapili uwanja wa ofisi ya mtaa ulijaa. Viti vya plastiki kwa wazee, wengine wamesimama au wamekaa chini. Bi Pili alikaa safu ya mbele, amevaa baibui lake la sikukuu. Mwenyekiti Bakari akafungua, akasema wataalamu wameshathibitisha kwamba panya wako mashambani, kwa hiyo. Nikanyoosha mkono kabla hajaimaliza ile "kwa hiyo." Aliniona, akajifanya hajaniona. Nikasimama. Hotuba yote niliyoipanga ikayeyuka. Gervas alinitazama amekauka. Nikauliza tu, kwa sauti iliyonipasuka, "Jamani, shamba la Mama Asha lina nini?"

"Mihogo!" wakajibu, wakinishangaa.

"Na shamba la mama wa Mikocheni?"

Kijana mmoja nyuma akasema, "Pori lile," na watu wakaanza kucheka, halafu wakaacha kucheka. Ile maana ilipita kwenye nyuso zao moja moja, niliiona. Nikasema, "Panya wako kwenye mashamba ya namna hiyo. Kwenye mihogo yenu hawapo. Sisi tuliandika neno moja kwa vitu viwili." Mwenyekiti akasema dada kaa chini, wenye maeneo yale ni watu wazito, huwezi kuwaamuru. Mama Asha akasimama na mtoto wake mgongoni, akamgeuza, akauinua ule mguu uliofungwa kitambaa, watu wote wauone. Kelele zilizofuata sijawahi kuzisikia kwenye mkutano. Mwenyekiti aliinua mikono yote miwili, jasho linamtiririka, akakubali: mihogo isiguswe, wenye mashamba wapigiwe simu, wafyeke. Wakaanza kuyataja moja moja, hili la nani, nani ana namba yake. Walipofika la bwana wa Sinza, lililo kubwa kuliko yote na ndilo lililopakana na kwa Mama Asha, wakakwama. Kila mtu alijua nani ana namba yake. Watu wakatazama chini. Mama Asha akaziba mdomo kwa khanga. Wangemwachia, nina hakika, wangelipita lile wakaenda lingine.

Bi Pili akasimama mwenyewe. Akaitoa simu kifuani, akanipa. "Nipigie wewe, herufi hizi sizioni." Nilibonyeza, nikaiweka sauti ya nje kama alivyotaka, watu wote wasikie. Iliita sana. Nikaomba Mungu asipokee. Akapokea, sauti ya mtu aliyeshiba, ya kirafiki kabisa.

"Aa, mama yangu! Shikamoo. Siku nyingi mno. Vipi, shamba langu lipo?"

"Marahaba, baba. Lipo." Alikuwa amesimama wima, mkono mmoja ameushika mwingine. "Ila si shamba tena, ni pori. Njoo ulifyeke, linaumiza watoto wa watu."

"Sawa mama, nashukuru kwa kunikumbusha," akasema. "Tena afadhali, kuna mtu ananisumbua nimuuzie."

Wiki haikuisha, akaja na greda.